Kijana, ukifika miaka 60 pensheni utaikuta?

Tuseme umemaliza chuo, ajira za ualimu zimetangazwa, na jina lako limetoka. Umepangiwa shule ya msingi katika kata ya Gwarama, huku juu kwenye vilima vya wilaya ya Kakonko, ile iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Una miaka 26. Mwezi wa kwanza unaangalia hati ya mshahara na kukuta mstari mmoja umekata asilimia 5. Ni PSSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Hela hiyo itakatwa kila mwezi mpaka uwe na miaka 60, labda 55 ukiamua kuondoka mapema.

Ukiuliza kijiweni kama utaiona tena, utapata majibu matatu. Wa kwanza atakwambia, "Sahau, hiyo wameshaila." Wa pili, "Serikali haifilisiki, wewe tulia." Wa tatu, "Hata ikiwepo, utakuwa umeshakufa." Kila jibu lina chembe ya ukweli, na kila moja linapotosha. Makala hii inayapitia yote matatu kwa hesabu unayoweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu na simu.

Jibu fupi ni hili: ndiyo, kuna kila sababu ya kutegemea kwamba pensheni utaikuta. Lakini haitafanana na ile waliyopata walimu waliokufundisha, na kanuni zitakazotumika siku unastaafu huenda zisiwe hizi za leo. Kinachofaa kuuliza ni kiasi gani utakipata, kwa hesabu ipi, na nani atabeba hasara mambo yakienda vibaya.

Tulikotoka

Pensheni ni kitu kigeni kiasi katika ukanda huu. Enzi za mkoloni, Buha ilikuwa chimbuko la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kama manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuwaajiri, SILABU. Mtu alifanya kazi kwa mkataba, akarudi nyumbani na alichoweza kubeba. Mwili ukichoka, hifadhi yake ilikuwa shamba na watoto.

Baada ya uhuru, mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Wewe na mwajiri mnachangia, ukistaafu unapewa chako chote kwa mara moja, mmemalizana. Mfumo ni rahisi kuuelewa, lakini katika miaka ya 1980 bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa takribani asilimia 30 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, shilingi inapoteza nusu ya thamani yake ndani ya miaka isiyozidi mitatu. Mtu aliyeweka akiba tangu miaka ya 1960 alipokea tarakimu zilizotimia na thamani iliyoyeyuka. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya NPF igeuzwe kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, na mfumo ubadilike kutoka akiba ya mkupuo kwenda pensheni ya kila mwezi.

Watumishi wa serikali walikuwa na njia yao. Kabla ya 1999 hawakukatwa chochote; akistaafu, Hazina inalipa kutoka kwenye kodi. Mwaka 1999 ukaja mfuko wa PSPF, na watumishi wakaanza kuchangia. Kwa wafanyakazi wa mashirika ya umma kulikuwa na PPF, kwa serikali za mitaa LAPF, na upande mwingine GEPF. Mwaka 2018 hiyo minne iliunganishwa ikawa PSSSF, ikaanza kazi tarehe 1 Agosti. Tangu hapo ramani ni rahisi: mtumishi wa umma yuko PSSSF, sekta binafsi na waliojiajiri wako NSSF.

Kinachoitwa pensheni ni nini hasa

Wengi tunaifikiria kama kibubu: naweka changu, kinakaa na jina langu, siku moja navunja. Sivyo inavyofanya kazi. Unachopewa na PSSSF au NSSF ni ahadi inayotokana na fomula. Haihesabu moja kwa moja ulichangia shilingi ngapi. Inahesabu ulichangia miezi mingapi na mshahara wako ulikuwa kiasi gani. Michango yako ya leo inaingia kwenye chungu kimoja pamoja na ya wenzako. Sehemu inalipa wastaafu wa leo, sehemu inawekezwa kwenye hati fungani za serikali, majengo, hisa na miradi.

Kwa hiyo mfuko unasimama kwa miguu mitatu: michango inayoingia, faida ya uwekezaji, na ukubwa wa ahadi iliyotolewa. Mguu mmoja ukilegea, miwili iliyobaki inabeba mzigo. Ikishindwa, kuna njia tatu tu: kuongeza michango, kupunguza ahadi, au kuomba Hazina, yaani kodi. Tanzania, kama utakavyoona, imeshatumia mbili za mwisho.

Kikokotoo, hatua kwa hatua

Neno kikokotoo umelisikia mpaka limekuchosha. Tulifungue.

PSSSF wanapokea asilimia 20 ya mshahara wako wa msingi: 5 kutoka kwako, 15 kutoka kwa mwajiri. Ili upate pensheni lazima uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Kanuni zilizoanza Julai 2022 zinasema hivi: chukua idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka (ule wa miaka mitatu iliyokuwa bora ndani ya miaka kumi ya mwisho). Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kisha sehemu yake, asilimia 33 kwa kanuni hizo za 2022, inabadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidisha na 12.5. Inayobaki unalipwa kila mwezi maisha yako yote.

Tuchukue mfano. Mshahara wa wastani ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka. Umechangia miaka 30, yaani miezi 360.

360 ÷ 580 × 12,000,000 = takribani 7,448,000 kwa mwaka. Hiyo ni pensheni kamili.

Mkupuo: 7,448,000 × 0.33 × 12.5 = takribani milioni 30.7.

Kila mwezi: 7,448,000 × 0.67 ÷ 12 = takribani 416,000.

Sasa rudia hesabu hiyo hiyo kwa kanuni za zamani za PSPF na LAPF. Walikuwa wanagawanya kwa 540 badala ya 580, wanazidisha kwa 15.5 badala ya 12.5, na nusu nzima ya pensheni inageuzwa mkupuo. Kwa miezi ile ile na mshahara ule ule:

360 ÷ 540 × 12,000,000 = 8,000,000 kwa mwaka.

Mkupuo: 8,000,000 × 0.5 × 15.5 = milioni 62.

Kila mwezi: takribani 333,000.

Umeona tofauti? Mkupuo umekatika nusu. Pensheni ya mwezi imepanda kwa takribani 83,000, lakini ukitaka nyongeza hiyo ifidie milioni 31 zilizopungua, itabidi uishi zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu. Kwa lugha ya mtaani, mtumishi wa kundi hilo amepunguziwa mafao, na waliolalamika hawakukosea hesabu.

Tena wanachama wa PPF na NSSF walikuwa wamezoea kitu kingine kabisa: mkupuo wa asilimia 25, mgawanyo wa 580 na kizidisho cha 12.5. Kwao kanuni za 2022 ziliongeza mkupuo. Ndiyo maana watu wawili waliofanya kazi jengo moja wanaweza kukusimulia hadithi mbili tofauti kuhusu kikokotoo, na wote wakawa wakweli.

Mvutano huo ulibadilisha kanuni mara kadhaa. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wote washuke kwenye asilimia 25. Wafanyakazi wakapaza sauti, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha, akaagiza hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Mwaka 2022 ikaja 33. Kisha kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ikatangazwa kwamba waliokuwa kundi la asilimia 50 wapande hadi 40, na waliokuwa kundi la asilimia 25 wapate 35. Kwa mfano wetu, asilimia 40 inatoa mkupuo wa takribani milioni 37.2 na 372,000 kila mwezi. Asilimia 35 inatoa milioni 32.6 na 403,000 kila mwezi.

Hizo ni hesabu nne ndani ya miaka sita. Wewe una miaka 34 kabla ya kustaafu. Chukulia kwamba zitabadilika tena.

Kwa nini ile ya milioni 62 isingedumu

Hapa ndipo jibu la "wameshaila" linapohitaji kupimwa. Tuulize swali jepesi: michango ya mtumishi wetu ingetosha kumlipa kwa muda gani, kama isingezaa chochote?

Asilimia 20 ya milioni moja ni 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 360, jumla ni milioni 72. (Tumempendelea, maana kwa kweli mshahara wa mwanzo huwa mdogo kuliko wa mwisho.)

Kwa kanuni za zamani, siku ya kwanza anachukua 62. Zimebaki 10. Kwa 333,000 kila mwezi, hizo zinakwisha baada ya miezi 30. Yaani akiwa na miaka 62 na nusu, michango yote aliyochangia yeye na mwajiri wake imeisha. Kuanzia hapo analipwa kwa faida ya uwekezaji, au kwa michango ya vijana.

Kwa kanuni za 2022, anachukua 30.7, zinabaki 41.3, na kwa 416,000 kila mwezi zinamfikisha zaidi ya miaka 8, yaani karibu miaka 68. Ile ya asilimia 40 inamfikisha karibu umri huo huo.

Faida ya uwekezaji ndiyo inayoziba pengo lililobaki, na inaleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Michango ile ile ya milioni 2.4 kwa mwaka, kwa miaka 30, ikizaa asilimia 2 juu ya mfumuko wa bei inakuwa takribani milioni 97 kwa thamani ya leo. Ikizaa 4 inakuwa karibu 135. Ikizaa pungufu ya mfumuko wa bei kwa asilimia 2 kila mwaka, inabaki takribani milioni 54. Mtu yule yule, michango ile ile; aliyeamua kama atakuwa na 54 au 135 ni yule aliyewekeza hela zake.

Kwa hiyo ahadi ya zamani ilikuwa tamu kuliko michango iliyoibeba. Waliostaafu wakati huo hawakuiba; walilipwa walichoahidiwa. Ila bili iliyobaki ilisukumwa kwa waliokuja nyuma, na mkupuo uliopungua ni sehemu ya bili hiyo. Kijana ana haki ya kulijua hilo waziwazi.

Mambo manne yanayoweza kuitafuna pensheni

La kwanza ni ahadi isiyo na michango nyuma yake. PSPF ilipoanza 1999 ilirithi watumishi waliokuwa kazini miaka mingi bila kukatwa senti, na ilipaswa kuwalipa hata kwa miaka hiyo. Deni hilo la kabla ya 1999 lilikuja kufikia takribani shilingi trilioni 4.6. Mfuko ukaelemewa, wastaafu wakasubiri mafao kwa miezi mingi, na PSSSF ilipozaliwa 2018 ilikuta wastaafu zaidi ya 10,000 wanadai. Mwaka 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu ya trilioni 2.17 kupunguza deni. Hati fungani siyo fedha taslimu. Ni ahadi ya Hazina kulipa kidogo kidogo, pamoja na riba. Kwa maneno mengine, sehemu ya pensheni yako inategemea kodi zitakazokusanywa kesho. Hapo yule wa pili kijiweni ana hoja kwamba Serikali iko nyuma ya mfuko. Ila "iko nyuma" ina maana ya walipa kodi, na wewe ni mmoja wao.

La pili ni uwekezaji usiorudisha. Hela za mifuko ya pensheni ziko kwenye vitu unavyoviona: majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na Daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016, ambalo NSSF ilibeba asilimia 60 ya gharama. Vingine vilisimama njiani, kama mradi mkubwa wa nyumba wa Dege huko Kigamboni. Jengo zuri kwa taifa linaweza kuwa uwekezaji mbaya kwa mstaafu kama aliyelijenga halipwi kwa wakati. Kila ripoti ya CAG inapotoka, sehemu ya mifuko ya jamii isome kama unavyosoma salio lako la benki, maana ndiyo hiyo.

La tatu ni kupungua kwa wachangiaji. Utasikia kwamba nchi yetu ni changa kwa hiyo pensheni iko salama, tofauti na Japani au Ujerumani zenye wazee wengi. Ni kweli kwamba tuna vijana. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na Kigoma peke yake karibu milioni 2.5. Lakini mfuko hauhesabu vijana, unahesabu vijana wanaochangia. Kijana anayeuza ndizi Kakonko mjini au kuendesha bodaboda kwenda Kibondo haongezi kitu kwenye PSSSF. Ajira za serikali zilipositishwa mwaka 2016 kwa uhakiki, na mwaka uliofuata watumishi 9,932 wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi, wastaafu hawakusimama kustaafu. Michango ilipungua, malipo yakaendelea. Nchi inaweza kuwa na watoto wengi na mfuko wake ukazeeka.

La nne ni bei za vitu. Pensheni ya 416,000 haitapanda kila mwaka kama mshahara ulivyokuwa ukipanda. Huongezwa pale inapoamuliwa, baada ya tathmini ya uhai wa mfuko. Kuna njia ya haraka ya kupima madhara: gawanya 72 kwa kasi ya mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo thamani inapungua nusu. Kwa asilimia 3, kama ilivyo karibuni hapa kwetu, ni miaka 24. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Ukistaafu na miaka 60 na bei zikaenda kwa kasi hiyo ya pili, ukiwa na miaka 72 ile 416,000 itanunua vitu vya 208,000.

"Utakuwa umeshakufa"

Huyu wa tatu anarudia kosa la takwimu linalofanywa hata na wasomi. Amesikia kwamba umri wa kuishi Tanzania ni miaka sitini na kitu, akahitimisha kwamba mtu akistaafu ana miaka michache tu.

Takwimu ile ni ya mtoto anayezaliwa leo. Ndani yake wamo wanaofariki wakiwa wachanga, na hao wanavuta wastani chini. Fikiria watu wawili: mmoja anafariki na mwaka 1, mwingine na miaka 81. Wastani ni 41, na hakuna hata mmoja aliyefariki na 41. Ukishafika 60 umeshavuka hatari nyingi za njiani, na kwa wastani mtu wa umri huo hapa nchini ana zaidi ya miaka 15 mbele yake. Wanawake huwa na mingi kuliko wanaume.

Hii inabadilisha namna ya kuangalia mkupuo. Kizidisho cha 12.5 maana yake ni kwamba kwa kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia, unapewa shilingi 12.5 leo. Ukiishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, yaani kupita miaka 72 na nusu, shilingi uliyoiacha kwenye pensheni ya mwezi imekulipa zaidi, ukiacha kando mfumuko wa bei na faida ambayo ungeipata kwa kuuzungusha mkupuo. Wengi watapita hapo. Na pensheni ya mwezi haiwezi kukopwa na shemeji wala kuishia kwenye basi lililokufa injini.

Hata hivyo, hoja ya mkupuo siyo upumbavu. Mwalimu aliyeishi nyumba ya shule miaka 30 anahitaji paa lake mwenyewe, na 416,000 haijengi nyumba. Ugomvi wa kikokotoo, ukiuangalia vizuri, unatokana na mishahara isiyotosha kujenga mtu akiwa bado kazini.

Wenzetu wanafanyaje

Kenya ilichukua njia nyingine. Watumishi wa umma walikuwa wakilipwa pensheni na Hazina bila kuchangia, kama sisi kabla ya 1999. Januari 2021 wakaanza mfuko mpya ambao kila mtumishi ana akaunti yake: yeye anachangia asilimia 7.5 (ilianza na 2 mwaka wa kwanza na 5 wa pili), serikali inaweka 15. Unapata kilichoingia pamoja na faida yake. Uzuri wake, hakuna deni la kurithishana. Ubaya wake, soko likianguka mwaka unaostaafu, hasara ni yako peke yako. Huku kwetu hasara inagawanywa kwa wengi, ila inagawanywa na wanasiasa.

Na Marekani? Huko nako vijana wanasema hawataikuta. Akiba ya mfuko wao inakadiriwa kuisha mwanzoni mwa miaka ya 2030. Lakini kuisha akiba siyo kufunga milango: michango inayoingia ingeweza bado kulipa takribani robo tatu ya mafao au zaidi. Kumbuka hilo ukisikia kwamba mfuko "unafilisika". Mara nyingi, mfuko wa lazima unaoingiza michango kila mwezi haufi. Unalipa pungufu au unachelewa. Kwa mstaafu anayesubiri, bado ni maumivu, lakini ni hatari unayoweza kuipangia.

Wa NSSF na wasio na mwajiri

Si kila kijana wa Kakonko, Kibondo au Kasulu ni mtumishi wa umma. Wengi wenye elimu wamefanya kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi Nduta, Nyarugusu, na Mtendeli kabla haijafungwa mwaka 2021. Hao wako NSSF, kwa michango ile ile ya asilimia 20, kwa kawaida nusu kwa nusu na mwajiri. Shida yao ni mikataba mifupi. Mwaka mmoja hapa, miezi minane pale, kisha kukaa. Miezi 180 inakuwa mbali. Ajira ikikatika bila wewe kuacha mwenyewe, na umechangia angalau miezi 18, sheria inatoa fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Tumia hilo, na hakikisha kila mkataba mpya unaendeleza namba ile ile ya uanachama.

Na mkulima wa maharage, ambaye ndiye Mwanagwarama wa kawaida? NSSF inampokea kwa hiari, lakini hana mwajiri wa kumwongezea. Zanzibar ilimfikiria mtu wa aina hiyo: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 analipwa na serikali, awe aliajiriwa au la, akianzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo ina mpango wake wa wazee wa miaka 70 na zaidi. Bara bado hatuna. Katiba, ibara ya 11, inazungumzia haki ya kusaidiwa wakati wa uzee, lakini ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani.

Sasa ufanye nini

Usijitoe moyoni. Kwa kila 5 unayokatwa, mwajiri anaweka 15. Hakuna kikundi cha kuweka na kukopa kitakachokupa masharti hayo.

Kagua michango yako angalau mara mbili kwa mwaka. PSSSF wana programu ya simu, PSSSF Kiganjani; NSSF nao hutoa taarifa kwa simu na ofisini. Mwezi uliokatwa bila kupelekwa ni rahisi kuudai ukiwa bado una hati ya mshahara na mwajiri yupo. Baada ya miaka 20, mwajiri amehama na karatasi zimeliwa na mchwa.

Tunza barua ya ajira, ya kuthibitishwa na ya kila uhamisho. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana kwenye kitambulisho cha taifa, ajira na mfuko. Herufi moja inaweza kuchelewesha mafao kwa miezi.

Usijenge mipango yako juu ya mkupuo. Hesabu pensheni ya mwezi kama chakula na dawa, na anza nyumba ukiwa kazini, hata tofali kwa tofali. Weka pembeni kitu kingine kisichotegemea kanuni ya waziri yeyote: SACCOS inayoendeshwa vizuri, vipande vya UTT AMIS, ekari ya miti au kahawa kama una ardhi. Kumi elfu kwa mwezi ukianza na miaka 26 inakaa kazini miaka 34. Ukianza na 46, inakaa 14 tu.

Mwisho, fuatilia mambo matatu kila mwaka: wachangiaji ni wangapi kwa kila mstaafu, uwekezaji umezidi mfumuko wa bei kwa kiasi gani, na Serikali inadaiwa na mfuko shilingi ngapi. Muulize mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, maana vyama vina viti kwenye bodi za mifuko. Kelele za Desemba 2018 ndizo zilizosogeza kanuni, na wengi waliopiga kelele walikuwa karibu kustaafu. Wenye miaka 26 hawakusikika sana, wakati kanuni zinazoandikwa sasa ndizo zitakazowalipa wao.